Nimeongozwa sala ya toba mara kumi na moja, na bado usiku moyo unaniambia "wewe si wake"

KaraniWaMizani (Newala)

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Ni saa nane usiku, umeme umekatika na simu inakaribia kuzima, kwa hiyo mnisamehe nikiandika bila mpangilio.

Mimi ni binti wa Kimakua, nimezaliwa Masasi katika nyumba ya Waanglikana. Nilibatizwa nikiwa mchanga, nikapata kipaimara nikiwa darasa la sita, nikaimba kwaya. Mwaka 2014 ulikuja mkutano wa injili, mhubiri akaita watu mbele, nikaenda. Nililia siku ile mpaka gauni likalowa kifuani. Kwa miezi kama mitatu nilikuwa mwepesi, naamka alfajiri kuomba bila kuamshwa na mtu. Halafu ile hali ikaondoka. Sikufanya dhambi yoyote kubwa ninayoijua. Iliondoka tu, kama ukungu wa huku kwetu unavyoondoka jua likipanda.

Mwaka uliofuata nilimsikia mhubiri mwingine akisema: "Ukiwa na shaka kama umeokoka, jua kwamba hujaokoka." Neno lile limenikaa kooni kama mwiba wa samaki. Nikaenda mbele tena. Na tena. Jumla ni mara kumi na moja, nimezihesabu. Kila mara najiuliza kama safari hii nimetubu kwa dhati, kama nililia vya kutosha, kama wakati natamka maneno akili yangu ilikuwa pale au ilikuwa inawaza mambo ya kazini. Mwezi wa nane niliponyanyuka kwenda mbele, mwanakwaya mwenzangu alinishika mkono akaninong'oneza, "Tena?" Hakuwa na nia mbaya. Lakini tangu siku ile sijaenda mbele, na Komunyo pia nimeacha. Naogopa kula na kunywa hukumu yangu.

Kazi yangu ni karani wa mizani kwenye chama cha msingi. Msimu wa korosho ukifika nashinda ghalani nikipima magunia. Mizani yetu ni ya kidijitali, na upepo wa huku juu ukivuma namba zinacheza: sabini na tisa, themanini na moja, themanini. Mkulima amekukazia macho, kila kilo ni ada ya mtoto wake, nawe huwezi kuandika mpaka namba itulie. Basi mimi usiku najiona niko juu ya mizani ile na namba haitulii. Najipima, najipima tena, kunakucha.

Kuna wakati nasoma Waebrania 6, pale panaposema walioonja wakaanguka haiwezekani kuwafanya upya, natetemeka. Kuna wakati mawazo ya kumtukana Mungu yananijia kichwani katikati ya sala, nami siyataki, halafu naogopa kwamba nimeshamkufuru Roho Mtakatifu.

Na jambo la mwisho ni bibi yangu. Amefariki mwaka jana mwezi wa tano. Hajawahi kwenda mbele kwenye mkutano wowote maisha yake yote. Alikuwa na kitabu chake cha sala, jalada limeliwa na mchwa, amekifunga kwenye kipande cha kitenge. Siku mbili kabla hajafa alimwambia mama, "Baba yangu amekawia." Alisema kawaida kabisa, kama mtu yuko stendi anangoja basi. Yeye alijuaje? Mimi nimeenda mbele mara kumi na moja, kwa nini sijui?

Kijana_wa_Chikongola (Mtwara mjini)

Dada yangu pole sana. Huyo ni adui. Ufunuo 12:10 anaitwa mshitaki wa ndugu zetu, anashitaki mchana na usiku, hiyo ndiyo kazi yake. Simama umkemee kwa jina la Yesu, mwambie imeandikwa. Usikubali kulala na hayo mawazo. Mimi nilipitia kitu kama hicho nikiwa chuo, nikafunga siku tatu, kikaisha. Nakuombea leo.

KaraniWaMizani

Asante kaka, ubarikiwe. Nimemkemea. Shida ni kwamba nikishakemea nabaki kimya nikisikiliza kama ameondoka, na katika kule kusikiliza yanarudi yote. Kufunga nako nimefunga, siku saba. Nilipungua, mama akadhani ninaumwa.

MwinjilistiMstaafu (Masasi)

Binti yangu, amani ya Bwana iwe nawe. Nimekuwa mwinjilisti miaka thelathini na miwili katika vijiji vya huku Masasi na Nanyumbu, kwa baiskeli. Hilo unalosema nimekutana nalo kwenye mikeka mingi, na mara nyingi kwa watu wanaompenda Mungu kuliko wengine.

Nianze na bibi yako, kwa sababu naona hapo ndipo panapokuuma. Wapo wanaokufa kama yeye. Lakini nilikaa pia na mzee mmoja wa kanisa, mtu safi, aliyelisha yatima nyumbani kwake, akakata roho huku amenishika kifundo cha mkono. "Mwinjilisti, atanipokea?" Nikamsomea Yohana 6:37, "wala yeyote ajaye kwangu sitamtupa nje kamwe." Akanyamaza. Baada ya muda akauliza tena. Nikasoma tena. Nadhani nilisoma mara tisa usiku ule, na alikufa akiwa bado anauliza. Alama za kucha zake zilikaa mkononi kwangu hadi siku ya matanga. Nilimzika kwa maneno yale yale niliyowazikia waliokufa wanaimba, na sikuona haya kuyasema. Ahadi ile haikuandikwa kwa ajaye akiwa ametulia. Imeandikwa kwa ajaye.

Sasa angalia neno letu lenyewe. Tumezoea kusema "nimeokoka", na ni neno zuri, lakini mtu anaweza kulisema kama aliyeponyoka mwenyewe kwenye mtego: niliruka hivi, tarehe hii, mahali hapa. Ndiyo maana unarudi kila siku kukagua jinsi ulivyoruka. Waefeso 2:8 inasema "mmeokolewa kwa neema". Mmeokolewa. Yupo aliyeokoa. Mvuvi wa Mikindani akimvuta mtu majini, habari ya yule mtu pwani ni mvuvi na ngalawa yake. Hakuna anayemuuliza kama alishika kamba kwa nguvu za kutosha au kama wakati anashika alikuwa anawaza kitu kingine.

Yule mhubiri wa mwaka uliofuata sitamhukumu, simjui. Lakini neno lake si la Maandiko. Yohana anaandika katika waraka wake wa kwanza, 5:13, "Nimewaandikia ninyi mambo hayo, ili mjue ya kuwa mna uzima wa milele, ninyi mnaoliamini jina la Mwana wa Mungu." Soma polepole. Anawaandikia wanaoamini tayari, ili wajue. Maana yake mtu anaweza kuwa anaamini na kuwa na uzima, na bado hajajua vizuri kwamba anao, mpaka Mtume amwandikie barua. Kuamini ni kitu kimoja, kuwa na uhakika ni kingine kinachokuja nyuma yake, wakati mwingine nyuma sana. Wachungaji waliokaa Westminster, Uingereza, wakatoa ungamo lao mwaka 1646, waliliandika hilo waziwazi: mwamini wa kweli anaweza kungoja muda mrefu na kupambana na mengi kabla ya kupata uhakika. Nao walikuwa watu wakali, si watu wa kubembeleza.

Na John Wesley, mwanzilishi wa Wamethodisti, ambaye wengi wanapenda kumtaja kwa ile jioni ya tarehe 24 Mei 1738 pale London, moyo wake ulipopata joto, akajua kwamba dhambi zake zimeondolewa. Wanaishia hapo. Mwezi wa kwanza mwaka 1739 mtu huyo huyo aliandika kwamba yeye si Mkristo. Miezi minane haijatimia. Wewe ile hali yako ilikaa miezi mitatu ikaondoka, ukadhani Mungu ameondoka nayo.

Kuhusu kumkufuru Roho. Marko 3 imeeleza yenyewe sababu, mstari wa 30: waandishi walikuwa wanasema Yesu ana pepo mchafu. Walimwona akiponya, wakaamua kwa makusudi kuiita kazi ile kazi ya shetani, na usiku walilala usingizi mnono. Mawazo yanayokuvamia ukisali, usiyoyataka, yanayokuliza, si hayo. Na Waebrania 6, usiishie mstari wa 6. Fika wa 9, ambapo anawaita wapenzi, anasema kwao wao ametumainia mambo mazuri zaidi. Anaonya juu ya watu waliogeuka na hawataki kurudi. Wewe umetaka kurudi mara kumi na moja.

Nataka nikukumbushe kitu cha kwetu. Unajua Masasi yetu ya kanisa ilianzaje. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alitoka Unguja na watu waliokombolewa utumwani, wakashukia Lindi, wakapanda bara kwa miguu. Lengo lilikuwa kufika Nyasa, wakaishia Masasi. Wakajenga, wakalima. Miaka sita baadaye, 1882, Wagwangwara, yaani Wangoni, wakashuka, wakachoma kituo, wakaua, wakachukua watu. Sasa mfikirie mama mmoja katika wale waliobaki. Mbwa akibweka usiku, anashtuka, anakumbatia watoto, moyo unapiga kwamba wanakuja kunichukua tena. Nakuuliza, binti yangu: saa ile anapotetemeka, yeye ni mtumwa au ni mtu huru? Hofu yake ni ya kweli, ina sababu, hakuna wa kumcheka. Lakini haimrudishi kwenye minyororo. Paulo anajua kwamba hofu ya aina hiyo ipo, ndiyo maana anaandika Warumi 8:15, "hamkupokea tena roho ya utumwa iletayo hofu, bali mlipokea roho ya kufanywa wana, ambayo kwa hiyo twalia, Aba, yaani, Baba." Twalia. Kilio cha saa nane usiku, simu inazima, "Baba, mimi ni wako au si wako?", wewe unakichukua kama ushahidi kwamba huna Baba. Asiye na baba hamwiti.

Umesema habari za mizani. Wewe karani, upepo ukivuma hivyo, unaandika? Huandiki. Unaziba mlango au unangoja. Basi saa nane usiku, umechoka, hujala vizuri, ni msimu, usijipime. Ukijikuta unaanza, sema tu, "Bwana, wewe unajua," kisha ugeukie ukuta. Usijibishane na wazo.

Na Jumapili nenda Komunyo. Wewe umejinyima chakula kwa sababu una njaa. Onyo la Paulo kule Korintho lilikuwa kwa watu waliolewa pombe na kuwaacha maskini na njaa mezani pa Bwana. Padre hatakuuliza imani yako ina kilo ngapi. Atasema "Mwili wa Kristo", nawe utasema Amina. Unanyoosha mkono mtupu. Hicho ndicho kitu chote unachotakiwa kuleta pale.

Kijana_wa_Chikongola

Shikamoo mzee. Nimejifunza kweli. Ila nauliza kwa heshima: hatuwapi watu ruhusa ya kuishi watakavyo? Wapo wanaojiita wameokolewa na matendo hayaonekani.

MwinjilistiMstaafu

Marahaba mwanangu. Wapo, na kwao ningehubiri mahubiri mengine, Mathayo 7 nzima. Ila angalia uliyenaye mbele yako. Dawa ya mwenye homa humpi mwenye baridi. Mtoto anayejua nyumba ni ya baba yake hafagii uwanja kwa kuogopa kufukuzwa. Anafagia kwa sababu ni kwao.

Mlutheri_Mtwara

Niongeze kidogo tu. Martin Luther aliteswa sana na mashaka ya namna hii, na alipobanwa alikuwa anajijibu kwamba yeye amebatizwa. Kiswahili chetu kinatusaidia hapo: si "nilibatizwa", jambo la zamani lililopita. Ni "nimebatizwa", niko hivyo mpaka sasa. Dada, jaribu kulisema kwa sauti.

Muuguzi_Lindi

Habari dada. Mimi ni muuguzi na ni Mkristo pia, nasali hapa Lindi. Yote aliyosema Mwinjilisti ni kweli kwangu. Lakini nimesoma swali lako kwa jicho la kazi, na kuna mambo nisingependa yapite.

Kuhesabu toba. Kurudia sala mpaka ikae sawa. Mawazo ya matusi yanayokuja usipoyataka, hasa mahali patakatifu. Kukagua moyo usiku kucha, na ukipata nafuu haikai. Kuna ugonjwa wa wasiwasi ambao mtu anabanwa na wazo asilolitaka, analazimika kurudia kitendo fulani ili apumue, kisha wazo linarudi na nguvu zaidi. Wengine linawakamata kwenye usafi, wananawa mikono mpaka ngozi inachubuka. Wengine kwenye kufunga mlango. Wenye kumcha Mungu linawakamata kwenye toba. Si pepo, wala si upungufu wa imani. Linashika kile mtu anachokithamini kuliko vyote.

Siwezi kukupima kwa maandishi na sisemi unao. Nasema nenda ukaonwe. Ulizia kitengo cha afya ya akili katika hospitali ya mkoa. Mweleze mhudumu kila kitu, hata mawazo yale ya aibu, ameshayasikia kwa wengine. Yapo mazungumzo ya tiba yanayofundisha kuliacha wazo lipite bila kulifanyia kitu, na zipo dawa, na watu wanapata nafuu. Usiache kusali, na usiache kwenda kwa sababu unasali. Ukiwa na malaria unaomba na unameza dawa.

Na tafadhali usifunge tena kwa sasa. Kula, ulale. Ikitokea mawazo ya kutotaka kuishi, usingoje siku ya kliniki, mwambie mama usiku huo huo.

Jirani_wa_Abasia (Ndanda)

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni Mkatoliki, nimekulia jirani na watawa wa Ndanda, na sitaficha kwamba tunatofautiana kidogo. Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu wetu, mwaka 1547 ulifundisha kwamba mtu hawezi kujua kwa uhakika usio na kosa kwamba atadumu mpaka mwisho, isipokuwa Mungu amfunulie kwa namna ya pekee. Sisi tunasema tumaini. Nikiwa kijana niliona mafundisho yenu yana faraja zaidi. Sasa nimekuwa mtu mzima na naona tumaini linanitosha, kwa sababu halinidai nijisikie kitu chochote. Namtumainia yeye, basi, nakwenda shamba.

Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu, mtawa wa Ufaransa, alikufa mwaka 1897 akiwa na miaka 24. Mwaka wake wa mwisho na zaidi alikuwa gizani, mawazo yakimwambia mbinguni hakuna kitu. Aliendelea kusali akiwa humo humo gizani. Nimekuweka kwenye rozari yangu dada, ingawa si wa kwetu.

KaraniWaMizani

Shikamoo babu Mwinjilisti, na ninyi nyote asanteni. Nimechelewa kurudi kwa sababu mzigo ulikuwa mwingi, wiki mbili hizi tumepima mpaka giza.

Nilimsomea mama majibu yenu kwa simu. Alinyamaza muda mrefu mpaka nikadhani mtandao umekata. Kisha akasema, njoo Masasi Jumamosi, kuna jambo sijawahi kukwambia kuhusu bibi yako.

Nikapanda basi. Usiku mama akanieleza, tukiwa jikoni tunachambua kisamvu. Kabla mimi sijazaliwa, mdogo wake wa kiume mama alikufa maji Ruvuma. Bibi baada ya mazishi aliacha kupokea Komunyo. Kanisani alikuwa anakwenda, lakini anakaa benchi la mwisho karibu na mlango, wenzake wakinyanyuka yeye anabaki. Miaka miwili. Alimwambia mama kwamba akisali anaona anaongea na dari. Padre wa wakati ule alikuwa anakuja kila Jumamosi jioni, anakaa kwenye mkeka wake, anamsaidia kupukuchua mahindi, anaondoka. Mama anasema hamkumbuki akimhubiria hata mara moja. Jumapili moja bibi akasimama na wenzake akaenda. Mama alimuuliza nini kimetokea, bibi akajibu, "Nimeona njaa."

Babu, sikuwa nimemwambia mama yale maneno yako ya njaa. Nilikuwa nimemsomea mengine, hayo niliyaruka kwa sababu yalinigusa nikashindwa kuyatamka.

Asubuhi tukaenda Misa ya kwanza. Nilikaa benchi lile la mwisho. Wakati ulipofika miguu ilikuwa mizito na lile wazo likaja kama kawaida, kwamba hukutubu vizuri. Sikujibizana nalo. Nikasimama nalo, nikaenda nalo. Padre aliposema "Mwili wa Kristo" Amina yangu haikutoka sauti, midomo tu. Sikulia. Sikusikia joto wala wepesi wowote. Nilirudi kwenye benchi nikakaa, mama akanisogezea khanga yake begani kwa sababu kulikuwa na baridi.

Dada Muuguzi, nimepata nafasi ya kuonwa Alhamisi ijayo, nimeomba ruhusa kazini. Nitamweleza na yale ya aibu.

Usiku wa Jumapili moyo ulikuja tena saa ile ile. Nikasema, "Bwana, wewe unajua," nikageukia ukuta. Sikulala mara moja, lakini sikuinuka kupima. Jumatatu nikarudi Newala na basi la kwanza. Malori ya kupeleka mzigo ghala kuu yalikuwa yameshafika, upepo umetulia, tukaanza kazi.